Kristo yumo kila ukurasa, mbona mashaka hayaishi?

Barua

Tumsifu Yesu Kristo.

Ninaongoza kikundi kidogo cha kusoma vitabu vya kiroho. Mwenzetu alituletea kitabu cha mwandishi wa siku hizi, padre mtawa, kilichotafsiriwa kwa Kiswahili. Kinasomeka vizuri mno. Kinafundisha kukaa kimya, kufuata pumzi na kuachana na “nafsi bandia”. Ila kuna sentensi zinanikwama. Mahali pamoja kinasema Yesu ni mmoja wa watu waliomfikia Kristo kikamilifu. Pengine kinasema “kiini chako ni Mungu”, na pengine kwamba dhambi ni kutojitambua tu. Nimefika katikati ya kitabu na sijaona hata aya moja juu ya Kitubio wala Ekaristi.

Nilipotaja hayo kikundi kiligawanyika. Mmoja alisema ni uzushi mtupu, kichomwe. Wa pili alisema kitabu hicho ndicho kilichomrudisha kwenye sala baada ya miaka mingi, tena kimeandikwa na padre, sisi ni nani tukihoji? Wa tatu alifungua ukurasa wa mbele akatuonyesha kwamba kitabu asilia kilipewa imprimatur, yaani idhini ya askofu ya kukichapa, akasema mjadala umekwisha.

Nani ana haki? Mlei wa kawaida anawezaje kupima vitabu vya namna hii bila kuwa mwanateolojia? Na je, nimetenda dhambi kwa kukisoma?

Mlezi wa kikundi

Jibu

Milele, Amina.

Dada mpendwa, naanza na swali lako la mwisho ili ulale vizuri. Orodha ya vitabu vilivyokatazwa, iliyoanza kutolewa na Roma mwaka 1559, ilipoteza nguvu yake ya kisheria mwaka 1966. Kusoma kitabu kwa nia ya kukielewa si dhambi. Wajibu wa dhamiri unabaki: mtu akiona wazi kwamba kusoma kunamtoa katika imani, anakifunga. Wewe umeona mashaka ukauliza.

Sasa aliyefungua ukurasa wa mbele. Alianza pazuri, akaishia njiani. Nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu unaweza kukuta idhini tatu. *Imprimi potest* hutolewa na mkuu wa shirika iwapo mwandishi ni mtawa. Kanuni ya 832 ya Sheria za Kanisa za 1983 inamtaka mtawa apate ruhusa hiyo anapoandika juu ya dini au maadili. *Nihil obstat* hutolewa na mkaguzi aliyeteuliwa, maana yake hakuna kizuizi. *Imprimatur* ni ya askofu, ama wa mwandishi ama wa mahali kitabu kinapochapwa. Zikitimia, zinasema kwamba katika maandishi hayo halikuonekana kosa dhidi ya imani wala maadili. Hazisemi kwamba askofu anakubaliana na kila rai ya mwandishi, wala kwamba kitabu kitakufaa wewe.

Mwenzenu alipopitiwa ni kwenye kanuni ya 829. Idhini ni ya maandishi asilia. Haihamii toleo jipya wala tafsiri. Kwa hiyo imprimatur ya kitabu asilia haisemi lolote juu ya nakala ya Kiswahili mliyo nayo mkononi. Tazama vitu vinne: jina la askofu, jimbo, tarehe, na toleo lililotajwa. Kikikosekana kimoja, au tarehe ikiwa ya zamani kuliko toleo lenyewe, chukulia kwamba bado hujui.

Na kukosa idhini hakumtii mwandishi hatiani. Kanuni ya 827 inalazimisha idhini kwa katekisimu na vitabu vya kiada vya teolojia, Maandiko na maadili. Vitabu vingine vya dini inapendekeza tu vipelekwe kwa askofu. Lakini fungu lake la nne halijulikani na wengi: vitabu vya dini au maadili visivyo na idhini haviruhusiwi kuonyeshwa, kuuzwa wala kugawiwa ndani ya makanisa. Kama kikundi chenu kinagawa nakala mlangoni baada ya Misa, hilo liangalieni kabla ya yote.

(Jambo la pembeni. Vijitabu vya ujumbe wa mbinguni hupenda kuandika ukurasa wa kwanza kwamba tangu uamuzi ulioidhinishwa na Papa Paulo VI tarehe 14 Oktoba 1966, maandishi ya ufunuo wa binafsi yanasambazwa bila idhini. Mwaka 1996 ofisi ya Vatikano inayosimamia mafundisho ya imani ilisema tafsiri hiyo haina msingi wowote. Ukikuta tangazo hilo, ongeza uangalifu.)

Hoja ya “ni padre” ni nyepesi zaidi. Upadre unampa mtu mamlaka ya kuadhimisha sakramenti. Haugeuzi rai zake kuwa mafundisho ya Kanisa. Meister Eckhart alikuwa padre Mdominiko na mwalimu wa teolojia, na bado mwaka 1329 Papa Yohane XXII alihukumu sentensi 28 zilizotajwa kuwa zake. Namna zilivyohukumiwa inatufundisha jinsi ya kusoma. Hati haikusema “Eckhart ni mbaya”. Ilitenga sentensi moja moja: 17 zikaitwa za uzushi, na 11 zikaitwa zenye mlio mbaya na za kutiliwa shaka, ingawa kwa maelezo mengi zingeweza kupokea maana ya Kikatoliki. Yeye mwenyewe alikuwa ameshatamka kwamba yuko tayari kusahihishwa.

Ndiyo maana yule anayetaka kuchoma amekimbilia neno zito mno. Uzushi, kwa kanuni ya 751, ni kukana au kutilia shaka kwa ukaidi, baada ya ubatizo, ukweli unaopaswa kusadikiwa kwa imani ya kimungu na ya kikatoliki. Ukaidi huwezi kuuona kwenye karatasi, na kutamka rasmi kwamba mtu fulani ni mzushi si kazi ya kikundi cha usomaji. Kazi yenu ni ndogo na inawezekana: kusema sentensi hii, ukurasa huu, inaafikiana na imani, ina utata, au inapingana nayo.

Chukueni sura moja tu, si kitabu kizima, na iwe ile inayosema mengi juu ya Kristo au juu ya wokovu. Tafuteni humo madai yasiyozidi kumi. Kwa kila dai andikeni namba ya ukurasa, maneno kamili ya mwandishi, kisha maana yake kwa maneno yenu. Hatua hii ya tatu ndiyo inayofichua mengi. Sentensi isiyoweza kusemwa kwa maneno mengine mara nyingi ni uvumba: harufu nzuri, huishiki. Halafu tafuteni mahali pengine katika kitabu hichohicho mwandishi anaporudia jambo hilo, maana huenda ukurasa wa 140 unasahihisha ukurasa wa 30. Mwisho ndipo mfungue Katekisimu ya Kanisa Katoliki kwa kutumia faharasa ya mada. Wasomaji wengi hufanya kinyume: wanaanza na hasira, wanatafuta namba ya kuipiga sentensi, na sentensi yenyewe hawajaielewa. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliweka sharti, nayo Katekisimu inalirudia katika namba 2478, kwamba Mkristo mwema awe mwepesi zaidi kuyapa maneno ya mwenzake maana njema kuliko kuyahukumu. Asipoweza, amuulize anayaelewaje. Na akiwa ameelewa vibaya, amsahihishe kwa upendo.

Kwa kitabu kilichotafsiriwa, kuna hatua ya kabla ya hizo zote. Kiswahili chetu kina mitego yake. “Nafsi” ndilo neno tunalotumia kwa Utatu Mtakatifu, Nafsi tatu katika Mungu mmoja. Ndilo pia la “mimi” wa kila siku, na ndilo hilo watafsiri wanalolishika wanapofika kwenye lugha ya saikolojia. “Roho” kwa herufi ndogo na “Roho” kwa herufi kubwa zinatenganishwa na kidole cha mchapaji, na mwanzoni mwa sentensi hazitenganishwi kabisa. Na kati ya “kiini chako ni Mungu” na “kiini chako ni cha Mungu” kuna silabi moja tu, lakini ni imani mbili tofauti. Kama yupo anayesoma lugha ya asili, alinganishe sentensi tatu mnazozitilia shaka. Shajara ya Mtakatifu Faustina, mtawa wa Poland, ilipigwa marufuku na Roma mwaka 1959, na mojawapo ya sababu zilizokuja kutambuliwa ni kwamba tafsiri zilizofika huko zilikuwa mbovu. Marufuku iliondolewa tarehe 15 Aprili 1978, na mwaka 2000 akatangazwa mtakatifu.

Tuchukue sasa sentensi zako, kwa kudhani tafsiri ni nzuri.

“Kiini chako ni Mungu.” Hapa ndipo vitabu vingi vya aina hii huteleza, na ndipo wasomaji wakali hukosea pia, kwa sababu Ukatoliki wenyewe unasema mambo ya kushangaza. Mtakatifu Paulo anasema ninyi ni hekalu la Mungu na Roho anakaa ndani yenu (1 Kor 3:16). Mtakatifu Petro anasema tunafanywa washirika wa tabia ya Uungu (2 Pet 1:4). Katekisimu, namba 460, inamnukuu Mtakatifu Atanasi kwamba Mwana wa Mungu alifanyika mtu ili sisi tupate kufanywa Mungu. Kwa hiyo anayeruka juu akisikia “kufanywa Mungu” amewarukia Mababa wa Kanisa, walimu wa imani wa karne za kwanza. Tofauti iko katika maneno mawili: kwa *asili* au kwa *neema*. Mwandishi Mkatoliki anasema tunapewa kile tusichokuwa nacho, na tunabaki viumbe hata tunapojazwa. Anayesema tayari wewe ni Mungu na unachohitaji ni kukumbuka tu, amefuta mpaka kati ya Muumba na kiumbe. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ulifundisha kwamba mfanano wowote tutakaoutaja kati ya Muumba na kiumbe, tofauti kati yao ni kubwa zaidi; Katekisimu inalikumbusha hilo katika namba 43. Basi muulizeni mwandishi swali moja: je, kuna kitu chochote Mungu ananipa, au vyote nilikuwa navyo? Jibu mtalipata katika sura anayozungumzia ubatizo. Kama sura hiyo haipo, hilo nalo mliandike.

“Yesu ni mmoja wa watu waliomfikia Kristo.” Hii haina mlango wa pili. Inamgawanya Yesu na Kristo kama vile Kristo ni cheo cha kiroho, au nguvu iliyoenea ulimwenguni, na Yesu ni mtu aliyeipata vizuri. Mtaguso wa Kalsedonia, mwaka 451, ulikiri Kristo yuleyule mmoja, Mungu kweli na mtu kweli, Nafsi moja katika asili mbili (Katekisimu 464 hadi 469). Kuna waandishi wanaosema kwa haki juu ya Kristo aliye juu ya viumbe vyote, na andiko lao ni Wakolosai 1. Kipimo ni hiki: tazameni wanaishia mstari gani. Mstari wa 16 na 17 unasema vitu vyote viliumbwa kwa njia yake na hushikana katika yeye. Mstari wa 20 unasema amefanya amani kwa damu ya msalaba wake. Ni yeye yuleyule. Mwandishi anayenukuu wa 17 mara ishirini na asifike wa 20 ana Kristo asiye na majeraha.

“Dhambi ni kutojitambua tu.” Neno la kuangalia ni “tu”. Kwamba dhambi inapofusha, kila mlei anayeungama anajua. Lakini Katekisimu namba 387 inataja waziwazi kishawishi cha kuieleza dhambi kama kasoro ya kukua, udhaifu wa kisaikolojia au kosa. Ikiwa dhambi ni kutojua, dawa yake ni kujua, na aliyekufa msalabani anabaki mwalimu mzuri. Ndiyo maana ukimya juu ya Kitubio ulioutaja si ajali. Umefuata kutoka kwenye sentensi hiyo kama maji yanavyofuata mteremko. Hata hivyo kuweni waangalifu na hoja ya ukimya: kitabu cha kurasa 90 juu ya kusali kwa utulivu hakilazimiki kufundisha sakramenti saba. Ukimya unakuwa na uzito pale kitabu kinapodai kueleza njia nzima ya wokovu.

Pumzi na kukaa kimya sitavipa nafasi kubwa. Si vibaya kwa vyenyewe. Wakristo wa Mashariki wamesali jina la Yesu kwa kufuata pumzi kwa karne nyingi. Barua ya Vatikano ya tarehe 15 Oktoba 1989 juu ya tafakari ya Kikristo inakubali kwamba mkao na pumzi vinaweza kusaidia, kisha inaonya kwamba vinaweza kugeuka sanamu, mtu akadhani utulivu wa mwili ndio faraja ya Roho Mtakatifu. Katekisimu, namba 2726, inahesabu miongoni mwa mawazo potofu juu ya sala lile la kuiona kuwa juhudi ya kujikusanya ili kufikia utupu wa akili. Mtakatifu Theresia wa Avila, Mwalimu wa Kanisa, katika sura ya 22 ya maisha yake aliyoyaandika mwenyewe, anawapinga wanaoshauri watu wa sala waache kuuwaza ubinadamu wa Kristo wanapopanda juu. Angalieni basi ukimya wa kitabu chenu unaelekea kwa nani. Kama mwisho wake ni mimi kujisikia vizuri, ni zoezi la afya. Si kosa, ila lisiitwe sala.

“Nafsi bandia” msiipige vita kwa jina lake. Paulo anazungumzia kuuvua utu wa kale na kuuvaa utu mpya (Ef 4:22-24). Ikiwa kitabu kinamaanisha hivyo, kinaafikiana. Ikiwa kinamaanisha kwamba wewe kama mtu binafsi, mwenye jina na atakayefufuka, ni njozi ya kuyeyuka, kinapingana na ufufuko wa mwili tunaoukiri kila Dominika.

Hatua nyingine ni kutafuta kama Roma imewahi kusema lolote juu ya mwandishi. Tafuteni hati yenyewe kwenye tovuti ya Vatikano chini ya Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa. Msitegemee kichwa cha habari, kwa sababu hati hizi hupambanua mambo. Ile ya tarehe 24 Juni 1998 juu ya Padre Anthony de Mello, Mjesuiti wa India aliyefariki 1987, haikutupa kila alichoandika. Ilisema vitabu vyake vya mwanzo, ijapokuwa vina athari za Kibudha na Kitao (mapokeo ya kidini ya China), vilibaki ndani ya mipaka ya maisha ya kiroho ya Kikristo, na kwamba baadaye alizidi kuachana na mambo ya msingi ya imani, hata Yesu akawa mwalimu miongoni mwa walimu wengine. Kwa hiyo mtu akisema “huyu mwandishi ni salama”, muulizeni: kitabu kipi, cha mwaka gani? Na Roma ikiwa kimya, ukimya huo si idhini. Waandishi ni wengi na ofisi ni moja.

Kwa yule aliyerudishwa kwenye sala, naomba msimvunje. Alichopata ni cha kweli, nanyi msianze kwa kumwambia alidanganyika. Mungu humfikia mtu hata kupitia kitabu chenye kasoro, ila tunda zuri katika roho moja halithibitishi kila sentensi iliyosomwa siku hiyo. Muulizeni ni kurasa zipi zilimsaidia. Mara nyingi utakuta ni zile ambazo hazina tatizo: za kunyamaza, za kusamehe, za kuacha kujilaumu. Kisha someni naye Sehemu ya Nne ya Katekisimu, namba 2558 hadi 2865, yote ni juu ya sala. Kurasa chache kila wiki zinatosha. Ni sehemu inayosomeka kama sala yenyewe, na wengi hawajawahi kuifikia kwa sababu walichoka kwenye Sehemu ya Kwanza.

Mkikwama, nendeni kwa paroko na karatasi moja. Msimpelekee kitabu cha kurasa 250 mkimwomba akipige marufuku. Atakiweka mezani na hamtakiona tena. Mpeni sentensi tatu, kila moja na ukurasa wake, aya iliyo kabla na aya iliyo baada, maana mliyoielewa, na namba ya Katekisimu mliyoilinganisha. Ulizeni swali linalojibika: “Padre, sentensi hii ina maana ya Kikatoliki ambayo hatukuiona?” Kwa yale uliyoniandikia, ile ya pili, juu ya kiini, huenda ikapona mkipata lugha ya asili. Ya tatu, juu ya dhambi, itapona ikiwa “tu” iliongezwa na mtafsiri. Ya kwanza, juu ya Yesu, sioni itakavyopona, na kwa hiyo hiyo moja ningekisimamisha kitabu kwenye kikundi hadi paroko ajibu, nikamrudishia mwenyewe nakala yake ikiwa na alama za penseli, si za wino.